Somo la Kumi na Mbili: Safari ya Imani



Huenda siku moja viongozi wa kigango chenu watasema, "Twende safari ya utume." Mtachanga nauli. Mtabeba unga, maharage na vitabu vya nyimbo. Mtakwenda kijiji kingine kusali na watu, kuwatazama wagonjwa na kusaidia kazi. Kabla hujafunga mzigo wako, jiulize: Je, ninakwenda kufundisha tu, au ninakwenda kujifunza pia?

Swali hili si dogo. Hapa kwetu Songea tumeliona likihusu maisha na vifo vya watu. Soma habari hii polepole. Kama wewe si Mkristo, isome pia, maana ni historia yetu sote.

Wageni wanafika Ungoni

Peramiho iko karibu kilomita 25 magharibi ya mji wa Songea. Mwaka 1898 Padre Cassian Spiss, mtawa wa Shirika la Wabenediktini, alianzisha misheni huko. Wakati ule nchi yetu ilitawaliwa na Wajerumani. Hapakuwa na barabara za magari. Wasafiri walitoka pwani kwa miguu, wakatembea siku nyingi porini.

Wamisionari walileta shule, dawa na neno la Mungu. Lakini hawakufika mahali patupu. Wangoni walikuwa na watawala wao, walioitwa Nkosi, na wasaidizi wao, walioitwa manduna. Walikuwa pia na sala zao. Waliwaheshimu mahoka, yaani roho za wazee waliokufa. Nkosi Mputa Gama alikuwa na nyumba ya mahoka. Padre mmoja wa Peramiho aliichoma moto.

Fikiri kidogo. Padre yule aliona kwamba anaondoa giza. Je, Nkosi Mputa aliona nini? Aliona mgeni amekuja kwake na kuwadharau wazee wake. Moto ule uliwasha hasira, haukuwasha imani.

Vita vya Majimaji

Mwaka 1905 Vita vya Majimaji vilianza huko Umatumbi. Watu walikuwa wamechoka kulimishwa pamba kwa nguvu, kutozwa kodi na kupigwa viboko. Mwezi wa Agosti mwaka huo, Cassian Spiss alikuwa safarini kutoka Kilwa kwenda Peramiho. Wakati huo alikuwa amekwisha kuwa askofu. Alifuatana na mabruda wawili na masista wawili. Katika nchi ya Liwale walikutana na wapiganaji, wakauawa wote watano. Machoni pa wapiganaji, Mzungu wa msalaba na Mzungu wa bunduki walikuwa kitu kimoja.

Mwezi uliofuata vita vilifika Ungoni. Misheni ya Peramiho ilichomwa moto. Kisha majeshi ya Wajerumani yalilipiza kisasi. Yalichoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula. Njaa ikaua maelfu ya watu. Mwaka 1906 Nkosi Mputa, Nduna Songea Mbano na wengine wengi walinyongwa hapa Songea. Baadhi yao walibatizwa na padre kabla ya kunyongwa.

Mji wetu unaitwa kwa jina la Nduna Songea. Kila mwaka, tarehe 27 Februari, tunawakumbuka mashujaa hao pale Mahenge, kwenye Makumbusho ya Majimaji. Ukifika pale, simama kimya kidogo. Kila upande uliacha makaburi.

Kuanza upya

Baada ya vita, wamisionari wangeweza kuondoka kabisa. Wananchi nao wangeweza kukataa kuwapokea tena. Lakini misheni ilijengwa upya. Peramiho pakawa na hospitali, shule, karakana za useremala na uashi, na kiwanda cha kuchapa vitabu. Mgonjwa aliyefika pale akiwa amebebwa kwa machela alijua jambo moja: mikono iliyomhudumia ilikuwa mikono ya huruma. Wengi waliijua imani kwa njia hiyo kabla ya kusikia mahubiri.

Polepole kazi ilishikwa na wenyeji. Huko Chipole wako masista Waafrika. Huko Hanga, watawa Waafrika walianza nyumba yao mwaka 1957. Mwaka 1969 James Komba alikuwa askofu wa kwanza wa Jimbo la Songea. Na watawa wa Hanga wamekwenda mpaka Zambia kufanya utume. Zamani tulipokea wageni. Leo na sisi tunatumwa.

Na wewe ukitumwa

Kumbuka mambo haya matano:

1. Ukifika, waone kwanza viongozi na wazee wa kijiji. Piga hodi, usiingie kama mwenye nyumba.
2. Uliza kabla ya kusaidia. Huenda kijiji kinahitaji watu wa kuchimba kisima kuliko hotuba.
3. Usidharau sala wala desturi za mwenzako. Kama ni Mwislamu, mheshimu. Kama anawakumbuka wazee wake, msikilize.
4. Shika jembe, palilia pamoja nao. Kula wanachokula.
5. Kila jioni fungua daftari lako, uandike sentensi mbili: Leo nimefundishwa nini? Nimefundishwa na nani?

Ukirudi nyumbani, watu watakuuliza, "Umewafundisha nini?" Waambie. Kisha wasomee yale uliyoandika katika daftari. Huenda utaona kwamba imani yako imepata nguvu kwa mama mkongwe aliyekugawia uji wake, kuliko kwa maneno uliyoyasema wewe.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Basi jiulize kwa moyo wa kweli: Je, mimi nilipofika, mwenyeji alipona?

Maneno mapya

Bruda: mtawa mwanamume ambaye si padre.
Kigango: mahali pa kusalia penye Wakristo wa vijiji vya karibu, chini ya parokia.
Machela: kitanda cha kubebea mgonjwa.
Utume: kazi anayopewa mtu aliyetumwa.

Maswali

1. Misheni ya Peramiho ilianzishwa mwaka gani, na nani?
2. Kwa nini Nkosi Mputa aliukasirikia moto ule?
3. Kwa nini wapiganaji hawakumtofautisha mmisionari na mtawala?
4. Zungumzeni darasani: Je, kuna mgeni aliyewahi kuja kijijini kwenu kusaidia bila kuuliza? Ilikuwaje?
5. Andika sentensi tatu juu ya safari iliyokufundisha jambo.