Mpaka ni mali ya aya

Swali ninaloletewa kuliko yote kwenye meza yangu ya kuchapa ni la mstari usiofutika. Mtu anakuja na flashi yenye ratiba ya mazishi au muhtasari wa kikao cha kikoba, tunafungua faili, ananionyesha kwa kidole. "Dada, huu mstari umenishinda. Nimefuta mpaka nimefuta na maneno, wenyewe upo tu." Anabonyeza kitufe cha kufutia, kielekezi kinaupita mstari kama hakijauona. Anafuta aya iliyo chini, mstari hautikisiki. Wengine hufikia kuufunika kwa kisanduku cheupe, na siku ya kuprinti ncha zake zinachungulia pembeni.

Mstari ule hakuuandika mtu. Katika Microsoft Word, ukiandika vistari vitatu peke yake kisha ukabonyeza Enter, programu huchukulia kwamba unatenganisha sehemu mbili za maandishi, ikavifuta vile vistari na kuitia aya ya juu yake mpaka wa chini. Alama tatu za "sawa na" huleta mstari wa jozi, nyota tatu huleta vitone, na alama tatu za wimbi huleta mstari wa mawimbi. Kwa aliyekusudia, ni njia ya haraka sana. Kwa ambaye hakukusudia, dawa ni kubonyeza Ctrl+Z papo hapo: mpaka unaondoka, vistari vyako vinarudi. Ikiwa umeshaandika kurasa tatu mbele, rudi uweke kielekezi ndani ya aya iliyo juu ya mstari, si chini yake. Fungua "Home", kwenye kundi la "Paragraph" bonyeza kimshale kilicho kando ya kitufe cha mipaka, kisha chagua "No Border". Ukitaka Word iache kabisa tabia hiyo, pita "File", "Options", "Proofing", "AutoCorrect Options", halafu kwenye ukurasa wa "AutoFormat As You Type" ondoa tiki ya "Border lines".

Nimeanza na mstari huu kwa sababu aliyeuelewa ameelewa sehemu kubwa ya kazi. Mpaka hauelei juu ya karatasi kama picha. Una mwenyewe. Mwenyewe anaweza kuwa maneno machache, aya, jedwali, au ukurasa mzima, na kila mmoja ana mlango wake wa kuingilia. Karibu kila fujo ya mipaka ninayoletewa inatokana na kumwekea mmoja kilichokusudiwa kuwa cha mwingine.

Tazama linavyotokea. Mwalimu anataka kuzungushia boksi maelekezo ya mtihani. Anaburuta panya kutoka neno la kwanza hadi nukta ya mwisho, anabonyeza "Outside Borders". Badala ya boksi moja safi, anapata fremu iliyobana maneno, kila mstari wa maandishi na umbo lake, kulia imekatika kokote maneno yalikoishia. Word imemtii sawasawa: aliteua maneno, ikayawekea maneno mpaka. Kila aya ina alama yake ya mwisho, ambayo kwa kawaida haionekani, na alama hiyo ndiyo inayobeba sura yote ya aya, mpaka ukiwemo. Bonyeza Ctrl+Shift+8 uione, ¶. Ukiteua maneno bila kuigusa, mpaka ni wa maneno. Ukiteua pamoja nayo, au ukiweka tu kielekezi ndani ya aya bila kuteua chochote, mpaka ni wa aya. Njia ya uhakika ni kufungua dirisha la "Borders and Shading", lililo mwisho kabisa wa orodha ya kile kitufe cha mipaka, na kuangalia chini kulia palipoandikwa "Apply to". Kama pana "Text" nawe unataka boksi, badilisha iwe "Paragraph".

Kwa kuwa alama ya aya ndiyo inayobeba mpaka, ukibonyeza Enter mwisho wa boksi, aya mpya inarithi na boksi linarefuka. Watu hubonyeza Enter mara tano wakidhani watatoka, nalo linawafuata hadi chini ya ukurasa. Mimi huandika kwanza aya itakayofuata, ndipo narudi juu kuweka boksi. Ukiwa umeshanasa, aya ya mwisho ipe "No Border", basi. Na ukitaka mstari mpya ndani ya boksi bila kuanza aya nyingine, tumia Shift+Enter.

Aya mbili zinazofuatana zenye mpaka wa aina moja na ujongezo uleule huungana kuwa boksi moja. Hiyo ndiyo sababu ukiweka boksi kwenye aya nne kwa pamoja unapata moja kubwa, si nne. Na ukibadilisha ujongezo wa aya moja, hata kwa nusu sentimita, boksi linapasuka pale. Kabla ya kulaumu mashine, angalia rula ya juu.

Kuungana huku kuna manufaa ambayo nisingependa mwalimu yeyote ayakose. Wengi huchora mistari ya majibu ya mtihani kwa kushikilia kitufe cha kistari cha chini mpaka ukingoni. Mtihani ukihamia kompyuta nyingine yenye fonti tofauti, vistari vinavuka mstari, na nafasi ya mwanafunzi inaingia kwenye swali linalofuata. Fanya hivi badala yake. Bonyeza Enter mara tano upate aya tano tupu, uziteue zote, zipe "Bottom Border", kisha kwenye orodha ileile ongeza "Inside Horizontal Border". Hiyo ya pili ndiyo inayosahaulika: bila hiyo aya zinaungana na mstari unaonekana mmoja tu, wa mwisho. Halafu kwenye dirisha la "Paragraph" weka "Line spacing" iwe "Exactly", pointi 28, ambazo ni kama sentimita moja, na nafasi ya kabla na baada ya aya iwe sifuri. Unapata mistari mitano iliyolingana kutoka ukingo hadi ukingo, ambayo haitavurugika kwa kubadilika fonti, na mtoto ana nafasi ya kutosha kwa mwandiko wake.

Baada ya kujua mpaka ni wa nani, linabaki la nafasi, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoonekana za kubabaisha hata kama kila kitu kimekaa panapostahili. Chukua kanga, uitandaze. Kuna pindo linalozunguka pande nne, kuna mji katikati, na kuna jina, mara nyingi ndani ya kisanduku chake sehemu ya chini ya mji. Tazama jina lile lilivyopewa uwazi: herufi haziugusi ukuta wa kisanduku, na kisanduku hakijabanwa na pindo. Mtu analisoma kutoka upande wa pili wa barabara. Lingebanwa, doti ingebaki na rangi zake zote lakini maneno yake yasingesomeka.

Word kwa chaguo lake yenyewe huacha pointi 1 juu na chini ya maandishi, na pointi 4 kushoto na kulia. Inchi moja ina pointi 72, kwa hiyo pointi 1 ni kama theluthi ya milimita. Herufi zenye mikia, kama g, y na j, zinakaribia kuukanyaga mstari wa chini. Kwenye dirisha la "Borders and Shading" bonyeza "Options" uongeze. Kwa maandishi ya ukubwa wa 12 mimi huweka 6 juu na chini, na 8 kushoto na kulia. Kwa kichwa cha habari kikubwa naongeza zaidi. Kikomo ni 31.

Ukiongeza nafasi ya pembeni utaona jambo jingine: boksi linatokeza nje ya mstari wa pambizo, likawa pana kuliko aya zilizo juu na chini yake. Word huyaacha maandishi palepale na kulisukuma boksi nje. Kwa macho yangu hiyo inaharibu ukurasa, hasa wenye maandishi yaliyonyooshwa pande zote mbili. Ipe aya ujongezo wa kushoto na wa kulia unaolingana na nafasi uliyoweka pamoja na unene wa mstari. Kwa nafasi ya pointi 8, andika sentimita 0.3 kila upande, na boksi litarudi sambamba na aya nyingine.

Unene nao usizidi hitaji. Nusu pointi hadi pointi moja inatosha karibu kila boksi la ndani ya ukurasa. Robo pointi huonekana nzuri kwenye skrini, lakini ikipita kwenye mashine ya fotokopi mara mbili inakatikakatika. Vivyo hivyo rangi ya kijivu nyuma ya maandishi: ukitia asilimia 25, nakala ya nakala itakuwa na madoadoa juu ya maneno. Mimi sizidishi 10, na kwa karatasi zitakazodurufiwa shuleni siweki kabisa.

Sasa ukurasa mzima, yaani vyeti, kadi za mchango wa harusi, jalada la ripoti. Mlango wake ni "Design", kisha "Page Borders". Nimewahi kuona vyeti vya mahafali vimetolewa vyote, karatasi ngumu ya bei, vikiwa na pindo upande wa juu, kulia na kushoto, chini hakuna kitu. Aliyeviprinti alidhani wino umekwisha. Wino ulikuwepo. Word hupima mpaka wa ukurasa kutoka ukingo wa karatasi, pointi 24, yaani kama milimita 8.5, na printa nyingi, hasa za wino, haziwezi kufika karibu hivyo na ukingo wa chini, kwa sababu magurudumu yanahitaji mahali pa kuishikia karatasi. Skrini haitakuonya.

Bonyeza "Options", na palipoandikwa "Measure from" badilisha kutoka "Edge of page" kwenda "Text". Weka 31 kila upande. Kwenye ukurasa wenye pambizo ya sentimita 2.54, pindo litakaa kama sentimita 1.4 kutoka ukingoni, mahali ambapo takribani kila printa inafika. Ondoa pia tiki za "Surround header" na "Surround footer" ikiwa una namba ya ukurasa au jina la taasisi juu au chini. Zikibaki, pindo litatanuka kuyazunguka na kurudi kwenye hatari ileile. Halafu hakiki ukubwa wa karatasi chini ya "Layout", "Size". Kompyuta nyingi huja zimepangwa kwa karatasi ya Marekani, Letter, yenye milimita 216 kwa 279, na sisi tunatumia A4, milimita 210 kwa 297. Cheti kilichopangwa kwa Letter kikiingia kwenye A4, pindo halikai katikati hata ufanyeje.

Jambo la kupendeza katika dirisha la "Page Borders" ni kwamba si lazima pindo lirudiwe kila ukurasa. "Apply to" inakupa hati nzima, sehemu hii tu, ukurasa wa kwanza wa sehemu, au zote isipokuwa wa kwanza. Aliyefungua msahafu anakumbuka kurasa mbili za mwanzo zilivyopambwa, Al-Fatiha na mwanzo wa Al-Baqara, na jinsi kurasa zinazofuata zinavyoridhika na mstari mwembamba ili jicho lisome. Ripoti ya mwaka ya chama inaweza kufanya hivyohivyo: pindo zito kwenye jalada, ndani hakuna. Yale mapambo ya matufaha na miti ya Krismasi yaliyo kwenye orodha ya "Art" ningeyaacha, hasa kwenye cheti ambacho mtu atakitundika ukutani miaka ishirini. Mistari miwili, mmoja mnene na mmoja mwembamba, inampa heshima zaidi.

Kwa wanaotumia LibreOffice Writer, mantiki ni ileile na milango imetajwa waziwazi zaidi: "Format" kisha "Character" kwa maneno, "Paragraph" kwa aya, "Page Style" kwa ukurasa, kila dirisha na ukurasa wake wa "Borders". Huko kuungana kwa aya ni tiki unayoiona, "Merge with next paragraph", na nafasi ya ndani inaitwa "Padding".

Ukiwa na maboksi mengi ya sura moja katika hati, usiyatengeneze moja moja. Tengeneza la kwanza vizuri, weka kielekezi ndani yake, fungua orodha ya "Styles" na uchague "Create a Style", ulipe jina, mathalani Boksi la Maelekezo. Mengine yote utayapata kwa kubonyeza jina hilo, na siku mkuu wa shule akisema mstari ni mnene mno, unabadilisha mtindo mmoja na hati nzima inafuata. Wakati huohuo, kwenye "Paragraph", ukurasa wa "Line and Page Breaks", tia tiki "Keep lines together", ili boksi la aya moja lisigawanyike kati ya kurasa mbili. Kwa boksi la aya kadhaa, ongeza "Keep with next" kwa zote isipokuwa ya mwisho.

Kabla ya kuipeleka kazi kokote, ihifadhi kama PDF, kwa sababu simu ya mpokeaji inaweza kuipanga upya hati ya Word na kuhamisha mipaka. Kisha toa nakala moja kwenye karatasi ya kawaida, kwa printa ileile itakayofanya kazi yote, uiweke mezani na kupima pande nne kwa rula. Zikilingana, ndipo ufungue pakiti ya karatasi ngumu.