SOMO LA HESABU: NI GAWIO AU NI FEDHA YAKO MWENYEWE?



Somo letu la safari hii limetokana na karatasi moja. Wenzetu kadhaa hapa Juba walipunguzwa kazi wakalipwa kiinua mgongo. Fedha haijakaa mfukoni wiki mbili, akaja mtu na karatasi iliyopigwa mhuri, akawaambia: weka dola 1,000, uwe mmoja wa wenye mali katika ubia wa maghala ya kukodi, na kila mwaka utapata gawio la dola 100. Wenzetu wakatuletea karatasi hiyo tawini wakauliza, "Je, tutie sahihi?"

Hatukuwajibu ndiyo wala hapana. Tulikaa nao jioni tatu, tukaisoma mstari kwa mstari. Sisi si wahasibu, ni watu wa shule ya msingi. Lakini mchuma chai anajua kusoma mizani, na akipunjwa kilo moja anaona. Hesabu za ubia nazo ni mizani. Hapana budi mfanyakazi ajifunze kuzisoma, maana karatasi ya namna hii leo iko Juba, kesho itakuwa Kampala, Thika au Morogoro.

1. BIASHARA YENYEWE

Ghala la kukodi ni uwanja uliozungushiwa ukuta, ndani yake vyumba vingi vidogo. Mpangaji hulipa kodi ya mwezi, huweka mizigo yake, hufunga kwa kufuli yake mwenyewe. Huko Marekani biashara hii ni kubwa sana. Kampuni ya Public Storage ilianza California mwaka 1972, na katika miaka ya 1970 na 1980 ilikusanya fedha za watu wengi kwa njia ya ubia, kisha ikajenga. Hatimaye ubia mwingi kati ya hiyo ulimezwa na kampuni yenyewe.

Juba nayo ina haja ya maghala. Bidhaa nyingi huingia kwa barabara ya Nimule, ambayo lami yake ilikamilika mwaka 2012. Mfanyabiashara wa Konyo Konyo au Kastom anataka mahali pa kuweka unga, saruji na sabuni. Kwa hiyo anayesema maghala yanahitajika hasemi uongo. Lakini biashara nzuri ni jambo moja, na biashara nzuri kwako ni jambo jingine.

2. NANI NI NANI KATIKA UBIA

Katika ubia wa aina hii kuna wabia wa namna mbili.

Wa kwanza ni mbia msimamizi. Yeye huendesha kazi, hushika daftari na ufunguo wa sanduku la fedha. Deni likiwashinda wabia, mali yake yote inaweza kufuatwa.

Wa pili ni mbia wa kikomo. Yeye huleta fedha tu. Biashara ikianguka, hasara yake inaishia kwenye fedha aliyoiweka. Nyumba yake na ng'ombe wake hawaguswi. Lakini kinga hiyo ina bei yake: haruhusiwi kuendesha kazi.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1907 ndiyo iliyoweka utaratibu huu kwa wazi. Uganda mwaka 2010 na Kenya mwaka 2012 zilitunga sheria mpya za ubia, na humo pia mbia wa kikomo anatambuliwa. Katika sheria ile ya 1907 kuna mambo manne ambayo mfanyakazi ayashike:

(a) Ubia usipoandikishwa serikalini, hakuna kikomo. Wote mtadaiwa kama wasimamizi.
(b) Mbia wa kikomo akiingia katika uendeshaji, anabeba madeni ya wakati huo kama msimamizi.
(c) Mbia wa kikomo ana haki ya kukagua daftari. Kukagua si kuendesha.
(d) Akirudishiwa sehemu ya mtaji wake wakati ubia unaendelea, wadai wanaweza kumdai kiasi hicho.

Hapa Juba uandikishaji wa biashara uko chini ya Wizara ya Sheria. Mhuri wa mtu binafsi si uandikishaji. Dai hati yenyewe uione, na dai kusomewa mkataba wa ubia wote, si ukurasa wa sahihi peke yake.

Tena, ubia si ushirika. Katika ushirika kila mwanachama ana kura moja. Katika ubia, kura yako ni ile tu iliyoandikwa katika mkataba, na isipoandikwa, usidhani unayo.

3. TUFANYE HESABU

Tuchukue mfano. Wafanyakazi 40 wanaweka dola 1,000 kila mmoja: dola 40,000. Mbia msimamizi anaweka dola 2,000. Mtaji wote ni dola 42,000. Mkataba unasema faida igawanywe hivi: asilimia 90 kwa wafanyakazi, 10 kwa msimamizi.

Wanakodi kiwanja kwa miaka 10. Wanajenga vyumba 20 vya matofali na ukuta kwa dola 36,000. Fedha taslimu inayobaki ni dola 6,000.

Mwaka wa kwanza vyumba 15 vinapata wapangaji, kila kimoja dola 60 kwa mwezi. Vitano viko wazi.

Mapato: 15 × 60 × 12 = dola 10,800

Matumizi:
Kodi ya kiwanja: 2,400
Mishahara ya walinzi: 2,400
Leseni na matengenezo: 1,000
Ada ya msimamizi, asilimia 10 ya mapato: 1,080
Jumla: dola 6,880

Fedha iliyobaki: 10,800 − 6,880 = dola 3,920

Hapa ndipo wengi husimama na kushangilia. Ndugu, usisimame hapo. Vyumba vile viligharimu dola 36,000, na mkataba wa kiwanja ni wa miaka 10. Miaka hiyo ikiisha, vyumba vinabaki kwa mwenye kiwanja. Kwa hiyo kila mwaka mmoja unapopita, sehemu moja ya kumi ya vyumba imekwenda: dola 3,600. Huo huitwa uchakavu. Hakuna mtu anayekuja kuudai mlangoni, lakini ni gharama kama mshahara wa mlinzi.

Faida ya kweli: 3,920 − 3,600 = dola 320

Sasa msimamizi anaitisha mkutano. Anawapa wafanyakazi dola 100 kila mmoja, jumla 4,000, na yeye anachukua 400. Watu wanapiga makofi: ahadi imetimizwa! Lakini faida ilikuwa 320 na zilizogawanywa ni 4,400. Dola 4,080 zimetoka wapi? Zimetoka katika mtaji wenyewe.

Tuangalie mfanyakazi mmoja. Haki yake katika faida ni dola 7 na senti 20. Amepewa 100. Zile dola 92 na senti 80 ni fedha yake mwenyewe, imetoka mfuko wa kushoto ikaingia wa kulia. Katika daftari mtaji wake haukubaki 1,000, ni dola 907 na senti 20. Na kumbukeni jambo (d): ubia ukiingia katika deni, hiyo aliyorudishiwa inaweza kudaiwa.

4. MIZANIA HAISEMI UONGO IKIANDIKWA YOTE

Mwisho wa mwaka huandikwa mizania, yaani upande mmoja mali, upande wa pili wenye haki katika mali hiyo. Pande mbili lazima zilingane.

Mali:
Vyumba na ukuta (36,000 − 3,600): 32,400
Fedha taslimu (6,000 + 3,920 − 4,400): 5,520
Jumla: dola 37,920

Wenye haki:
Wafanyakazi 40 (40,000 + 288 − 4,000): 36,288
Msimamizi (2,000 + 32 − 400): 1,632
Jumla: dola 37,920

Zimelingana. Mwanzo ilikuwa 42,000, leo ni 37,920. Mfanyakazi asipoomba kuona mizania, atajua makofi tu.

5. MAHALI PANAPOJIFICHA HILA

Kwanza, miaka ya uchakavu. Msimamizi aweza kusema, "Tofali hudumu miaka 40." Basi anagawanya 36,000 kwa 40, anapata uchakavu wa dola 900, na faida inaonekana ni 3,020 badala ya 320. Tofali ni kweli litadumu, lakini halitakuwa lenu. Hesabuni miaka ya mkataba wa kiwanja, si miaka ya tofali. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 2009, mgeni hamiliki ardhi katika Sudan Kusini. Anaweza kuikodi tu kwa muda. Basi swali la kwanza la ghala lolote hapa ni: kiwanja ni cha nani, na kwa miaka mingapi?

Jambo hili tumelilipia wenyewe. Miaka ya nyuma tulichanga na wenzetu tukajenga vibanda vya kupangisha juu ya kiwanja cha mtu. Tulihesabu matofali, tukahesabu bati, hatukuhesabu miaka. Mkataba ulipokwisha tulitoka na kufuli zetu mkononi, basi.

Pili, ada ya msimamizi. Katika mfano wetu alichukua 1,080 kabla ya faida kuhesabiwa, naye angeichukua hata kama kungekuwa na hasara. Wewe unangoja faida, yeye hangoji. Si dhambi kumlipa mtu jasho lake, lakini jueni ni kiasi gani na nani alikipanga.

Tatu, fedha za mpangaji. Mpangaji akilipa miezi sita mbele, mwezi wa kwanza sehemu moja tu kati ya sita ndiyo mapato. Zilizobaki ni deni, kwa kuwa chumba bado mnadaiwa. Amana yake nayo ni deni. Na mizigo iliyomo chumbani si mali ya ubia hata gunia moja, isiandikwe katika mizania.

Nne, aina ya fedha. Desemba 2015 serikali iliacha kuishikilia bei ya pauni. Dola iliyokuwa pauni 2.95 kwa bei rasmi ikafika karibu pauni 18.5. Aliyekuwa na pauni 2,950 katika daftari alihesabu dola 1,000. Baada ya hapo zilikuwa kama dola 160. Daftari lilionyesha pauni zile zile. Kwa hiyo mkataba useme wazi: mtaji unaandikwa kwa fedha gani, kodi inalipwa kwa fedha gani, na bei ya kubadilisha ni ya siku gani.

Tano, hatari. Julai 2016, wakati wa mapigano, ghala kuu la Shirika la Chakula Duniani hapa Juba liliporwa zaidi ya tani 4,000 za chakula. Ikiwa ghala la shirika kubwa namna hiyo lilivunjwa, msiambiwe kwamba la kwenu ni salama kwa sababu lina mlinzi. Ulizeni kama mkataba wa mpangaji unasema nani anabeba hasara ya mizigo.

6. MWISHO WA JAMBO

Wenzetu walirudi kwa yule mtu na maswali matano: hati ya uandikishaji, mkataba wa kiwanja, mizania, ada yake, na haki yao ya kukagua daftari. Alileta mkataba wa kiwanja peke yake. Ulikuwa umebakiza miaka 4. Wenzetu wakazishika fedha zao.

Hatusemi kila ubia ni mtego. Mahali ambapo kiwanja kina miaka mingi, daftari liko wazi na mkaguzi anachaguliwa na wabia wote, ubia waweza kuwa jambo jema. Tunasema hivi: jina lako kuwa katika karatasi ya wenye mali halikufanyi mwenye mali. Mwenye mali ni yule anayejua kilichomo katika daftari. Kiinua mgongo ni miaka ya mgongo wako. Usikitoe kwa ahadi ya mdomo.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Mwaka wa pili vyumba vyote 20 vimepata wapangaji. Kodi, mishahara na matengenezo ni yale yale, ada ni asilimia 10. Faida ya kweli ni kiasi gani? (Mkipata dola 3,560 mmepatia.)
2. Kwa faida hiyo, kila mfanyakazi apewe kiasi gani bila kugusa mtaji?
3. Mkataba wa kiwanja ungekuwa wa miaka 4 tu tangu siku ya kujenga, hesabu ya mwaka wa kwanza ingekuwaje: faida au hasara?
4. Kati yenu, nani amewahi kutia sahihi karatasi asiyoisoma? Awaeleze wenzake, wajifunze.

Umoja ni nguvu, na elimu ni ngao ya mfanyakazi.