SOMO LA MWEZI: MGENI NA AJIFUNZE KWANZA



Vijana wengi hupenda kutumia likizo yao kwenda kujitolea mahali pa mbali: kufundisha, kujenga, na kuona maisha ya watu wengine. Ni jambo jema. Tutazame basi habari za wasomi waliokwenda milimani kabla ya kufika kwetu Unguja, tujue anayetaka kusaidia aanzie wapi.

1. Wito

Tarehe 4 Desemba 1857 Daktari David Livingstone alisema na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, akiwaomba waje Afrika. Kwa wito huo, vyuo vikuu vya Oxford, Cambridge, Durham na Dublin viliunda misheni tunayoikumbuka kwa jina la UMCA.

2. Milimani

Mwaka 1861 Askofu Charles Mackenzie na wenzake walipanda nyanda za juu za Shire, katika nchi iitwayo sasa Malawi, wakakaa Magomero. Njiani waliwafungua watumwa waliokuwa wakipelekwa kuuzwa. Hilo lilikuwa tendo la huruma. Lakini hawakuijua nchi wala lugha yake, na muda si muda waliingia vitani upande wa Wamang'anja juu ya Wayao, vijiji vikachomwa moto. Ikafuata njaa na homa. Mackenzie alikufa tarehe 31 Januari 1862, hata mwaka haujatimia. Askofu William Tozer aliyemfuata aliihamishia misheni mlima Morumbala, Msumbiji. Huko nako hawakudumu.

3. Unguja

Tarehe 31 Agosti 1864 Tozer na Edward Steere waliteremka Unguja. Steere alikuwa msomi wa sheria, lakini hapa alikubali kuwa mwanafunzi. Aliketi na wenyeji, akauliza maneno, akasikiliza hadithi zao na kuziandika. Mwaka 1870 vilichapishwa vitabu vyake viwili: kimoja cha kufundisha Kiswahili, kingine cha hadithi za watu wa Unguja.

Tena kazi haikubaki mikononi mwa wageni. John Swedi, mmoja wa watoto waliotolewa utumwani na kupewa misheni mwaka 1864, alifanywa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, naye aliyetoka utumwani, alipewa upadri mwaka 1890, akatumika Chitangali, kusini mwa Tanzania.

4. Tujifunze nini?

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Zile siku mbili si za bure. Ndizo za kuona wenyeji wanalima vipi. Kijana akialikwa Lushoto, katika milima ya Usambara, na ajue kwanza salamu za Kisambaa. Awaulize wazee wanahitaji nini. Asishike kazi ambayo fundi wa kijiji angeifanya kwa ujira wake. Na asiseme juu ya ugomvi ambao amesikia upande mmoja tu. Moyo mwema bila masikio huweza kuunguza kijiji.

Maswali ya kujadiliana

1. Magomero palikosekana nini?
2. Mgeni akija kujitolea mtaani kwetu, tungependa atuulize nini kwanza?
3. Ukiondoka, ni nani ataiendeleza kazi uliyoianza?