Sauti Yako, Imani ya Mteja: Jinsi Podikasti Inavyoweza Kusaidia Biashara Yako

Mteja akikulipa kwa simu kabla ya kupokea mzigo, amekukopesha imani. Yeye yuko Kitale, wewe uko Nairobi. Hajawahi kukuona na duka lako halijui, lakini ametuma shilingi 3,500 na sasa anangoja. Mzigo ukichelewa siku mbili na simu yako haishikwi, kichwani mwake tayari umekuwa tapeli. Hatarudi, na atawaambia wenzake.

Kazi yetu sisi ni kuhakikisha pesa imefika salama. Kumfanya mteja akuamini ni kazi yako, mwenye biashara. Leo tuangalie njia moja inayotumiwa na wakuu wa kampuni kubwa, lakini ambayo hata mwenye kibanda anaweza kuijaribu: podikasti.

Podikasti ni nini hasa?

Ni kipindi cha sauti, kama cha redio, ila msikilizaji ndiye anayechagua saa ya kukisikiliza. Anaweza kukipakua usiku akiwa na Wi-Fi, kisha akakisikiliza kesho ndani ya matatu bila kutumia bando.

Sisi Wakenya tunaijua nguvu ya sauti. Mtangazaji ukimsikia kila asubuhi, baada ya miezi michache unamhesabu kama mtu wa nyumbani. Tangazo la bango linasema "nunua", basi. Lakini mtu akikuongelesha dakika kumi kwa sauti yake mwenyewe, unasikia anapositasita, anapocheka na anapojua anachosema.

Somo kutoka Marekani

Mwaka 2014, mwanahabari Alex Blumberg aliacha kazi ya redio ili aanzishe kampuni ya podikasti, ambayo baadaye iliitwa Gimlet. Alirekodi safari yake yote katika kipindi kilichoitwa StartUp. Kipindi cha kwanza kabisa kilimwonyesha akijikwaa mbele ya mwekezaji Chris Sacca, akishindwa kueleza biashara yake vizuri. Wengi wetu tungeificha aibu hiyo. Yeye aliitoa watu waisikie, na baadaye baadhi ya wasikilizaji waliweka pesa zao katika kampuni hiyo. Mwaka 2019 ilinunuliwa na Spotify.

Lakini somo kubwa liko kwingine. Mwaka ule ule wa 2014, kampuni ilimhoji mtoto kwa ajili ya tangazo, na mama yake hakuelewa kwamba lilikuwa tangazo. Alipogundua, alilalamika hadharani. Blumberg aliomba msamaha, kisha akatoa kipindi kizima akieleza walikosea wapi na watabadilisha nini. Kosa halikufutika, lakini wasikilizaji walijua limekubaliwa na nani na litarekebishwa vipi.

Ufanye nini wewe?

*1. Eleza kazi yako, usiuze tu.* Tuseme unauza viatu vya mitumba Gikomba. Waeleze watu jinsi ya kutambua soli iliyobandikwa upya, au kwa nini bei hupanda shule zikikaribia kufunguliwa. Mteja aliyefundishwa na wewe atakukumbuka siku ya kununua.

*2. Sema ukweli kuhusu makosa.* Mzigo ulichelewa? Sema ulichelewa kwa nini, nani amerudishiwa pesa, na umebadilisha nini. Lakini kwanza rudisha pesa za watu, ndipo urekodi. Maneno matamu bila marejesho ni kuongeza chumvi kwenye kidonda.

*3. Ahidi unachoweza.* Kipindi kimoja kila mwezi bila kukosa ni bora kuliko vinne mwezi wa kwanza, halafu kimya. Mtu asiyetimiza ahadi ndogo, nani atamwamini na pesa?

*4. Linda siri za wateja.* Usitaje jina la mteja, nambari yake ya simu au kiasi alicholipa bila idhini yake. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na inamhusu hata mfanyabiashara mdogo. Ukitaka mteja azungumze kwenye kipindi, mweleze waziwazi sauti yake itatumika wapi, na kama ni tangazo mwambie ni tangazo.

Gharama ni kiasi gani?

Anza na simu uliyo nayo. Rekodi kwenye chumba chenye mapazia, nguo au godoro, kwa sababu vitu laini hupunguza mwangwi. Zima feni, weka simu karibu na mdomo, na ongea kama unayeongea na mteja mmoja.

Kumbuka bando la msikilizaji pia. Ukihifadhi sauti kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde, dakika kumi huchukua takriban megabaiti 5 tu. Kwa maongezi ya kawaida hiyo inatosha kabisa. Unaweza kuituma kwenye WhatsApp kwa wateja waliokubali kupokea, kisha baadaye uiweke kwenye Spotify au YouTube.

Tahadhari moja kubwa

Sauti inayoaminika ni mali, na matapeli huwinda mali. Siku hizi kuna programu zinazoweza kuiga sauti ya mtu. Kwa hivyo waambie wasikilizaji mapema, na urudie mara kwa mara: malipo yote huenda kwenye nambari moja ya Till, jina la biashara lisomwe kwenye simu kabla ya kuthibitisha malipo, na hutawahi kumwomba mtu PIN yake. Wakisikia "wewe" ukiwaelekeza kutuma pesa kwa nambari mpya, wakupigie kwanza kwenye nambari wanayoijua.

Anza wiki hii

Andika maswali matatu ambayo wateja hukuuliza kila siku. Chagua moja, lijibu kwa dakika tano, kisha mpe mtu anayekujua vizuri asikilize. Akikuambia "huyu ni wewe kweli", uko tayari. Akisema unasikika kama tangazo, futa na urudie.

Imani hujengwa pole pole na hubomoka kwa siku moja. Ongea ukweli, timiza ulichosema, na mteja wa Kitale atalipa tena bila wasiwasi.