Kufundisha Asilimia kwa Vipindi vya Televisheni

Wanafunzi wengi hukariri kanuni ya asilimia bila kuielewa, kwa sababu mifano ya vitabuni i mbali na maisha yao. Katika makala haya tunapendekeza mada hiyo ifundishwe kwa jambo wanalolijua. Televisheni ilianza Zanzibar katika miaka ya 1970, na Tanzania Bara mwaka 1994. Mwanza ndiko kilikoanzia kituo cha Star TV. Leo mtoto wa Kirumba na yule wa mwaloni Igombe wote wana kipindi wakipendacho.

Shabaha: Mwisho wa somo, mwanafunzi wa Darasa la Sita aweze kuainisha vipindi, kukokotoa asilimia ya watazamaji na kuvipanga vipindi kwa daraja.

Hatua ya kwanza: Kuainisha. Wanafunzi wataje vipindi na kuvigawa wenyewe: habari, tamthilia, michezo, katuni, muziki. Mwalimu asiwape makundi yaliyo tayari. Wakibishana kama shindano la kuimba ni muziki au ni michezo, hapo ndipo wanapojifunza.

Hatua ya pili: Kuhesabu. Tuchukue mfano wa darasa la wanafunzi 40, ambao 25 kati yao walitazama televisheni jana saa mbili usiku: habari 10, tamthilia 8, mpira 5, katuni 2.

Hatua ya tatu: Kukokotoa. Waliotazama habari ni 10 kati ya wanafunzi wote 40, yaani asilimia 25. Lakini kati ya 25 waliokuwa wakitazama televisheni, hao 10 ni asilimia 40. Majibu yote mawili ni sahihi. Kampuni ya Nielsen, iliyoanza kupima watazamaji wa televisheni Marekani mwaka 1950, hutumia vipimo vyote viwili. Mwanafunzi hana budi kuuliza daima: asilimia ya nini?

Tahadhari. Mwalimu mgeni aghalabu huanza kwa kusema, "Wenye televisheni nyumbani wanyooshe mikono." Swali hilo lina makosa mawili. Kwanza, linamwaibisha mtoto asiyenayo mbele ya wenzake. Pili, linaharibu hesabu. Tuseme watoto 10 kati ya wale 25 walitazama kwa jirani au kwenye kibanda cha video: mpira 5, tamthilia 4, habari 1. Tukiwaacha hao, mpira unatoweka kabisa katika orodha, ingawa ulikuwa wa tatu. Swali lifaalo ni hili: "Jana ulitazama nini, popote pale?" Majibu yaandikwe kwenye vikaratasi bila majina. Asiyetazama naye ahesabiwe, kwani yumo katika wale 40.

Mwisho, wanafunzi watambue kuwa daraja huonesha wingi wa watazamaji, wala si ubora wa kipindi.

Zoezi kwa mwanachuo:
1. Kokotoa vipimo vyote viwili kwa tamthilia, mpira na katuni.
2. Andaa somo kama hili kwa kutumia samaki wauzwao sokoni. Je, ni nani ungeweza kumsahau katika hesabu yako?