Urefu, Mlalo na Mpaka: Sayansi ya Kuelewana na Kinyozi

Kinyozi anaweza kupunguza nywele, hawezi kuziongeza. Ukweli huo ndio msingi wa mazungumzo yote ya kwenye kiti cha saluni. Mteja anaposema, "Punguza kidogo, kaka," ametoa agizo lisilo na kipimo. Kinyozi analazimika kukisia, na akikisia vibaya kosa halifutiki siku hiyo. Tuanze na unywele wenyewe, kisha tuone kinyozi anahitaji kuambiwa nini hasa.

Unywele ni uzi wa protini iitwayo keratini. Sehemu iliyo hai imo ndani ya ngozi. Inayoonekana nje haina uhai, ndiyo maana haiumi ikikatwa. Nywele za kichwani hurefuka kwa wastani wa sentimita 1 kwa mwezi, yaani karibu theluthi moja ya milimita kwa siku. Kwa hiyo kosa la unyoaji lina bei yake, na bei hiyo hulipwa kwa siku. Ukitaka zibaki milimita 13, ukaachiwa 3, pengo la milimita 10 litahitaji mwezi mzima kuzibika.

Sasa twende kwenye namba za vichana vya mashine. Kichana kinachovalishwa mdomoni mwa mashine kina kazi moja: kuyaweka meno ya mashine mbali na ngozi kwa umbali maalumu. Katika vichana vingi kila namba ni sehemu ya nane ya inchi, karibu milimita 3. Namba 1 huacha milimita 3, namba 2 huacha 6, namba 3 karibu 10, namba 4 karibu 13. Kwa rula, ngazi hizo zinalingana. Kwa jicho, hazilingani hata kidogo. Kutoka namba 1 kwenda namba 2 urefu unakuwa maradufu. Kutoka 4 kwenda 5 unaongezeka kwa robo tu. Tena nywele zikiwa fupi sana, milimita chache ndizo huamua kama ngozi itaonekana katikati ya nywele au itafichika. Ndiyo maana anayeshuka kutoka namba 5 hadi 4 huenda nyumbani wasigundue kitu, lakini anayeshuka kutoka 2 hadi 1 hutoka na sura nyingine. Fedi nzuri, yaani mnyoo ambao nywele hufifia taratibu kuelekea chini, hujengwa juu ya jambo hilohilo: kinyozi hubadilisha urefu kwa hatua ndogondogo katika namba za chini, ili weusi upungue bila mstari kuonekana.

Hata hivyo, namba peke yake haitoshi, kwa sababu nywele nyingi hazioti wima, huota zimeinama. Chukua karatasi uchore mraba wenye pande za milimita 6. Upande uliosimama ni unywele wima. Mstari wa kona hadi kona ni unywele ulioinama kwa nyuzi 45. Meno ya mashine yakipita kwenye ukingo wa juu wa mraba, unywele wima unabaki na milimita 6, lakini ule ulioinama unabaki na karibu 8.5. Mashine ikienda kinyume na mlalo wa nywele, huziinua na kuzikata karibu na kipimo cha kichana. Ikifuata mlalo, huzilaza, na zinazobaki huwa ndefu zaidi. Kwa hiyo namba 2 ya kinyozi huyu na namba 2 ya yule zinaweza kutofautiana, na wote wawili wakawa wamefuata agizo. Mwambie kabisa: "Namba 2, ukifuata mlalo," au "Namba 2, kinyume na mlalo." Utosini, ambako nywele huzunguka, hakuna mwelekeo mmoja, hivyo mwombe apapitie kutoka pande zote, visibaki viraka.

Nywele za kipilipili zina jambo lao. Kila unywele umejikunja kama springi, hivyo urefu unaouona ni mfupi kuliko urefu halisi wa uzi. Maji huvunja baadhi ya vifungo dhaifu vinavyoshikilia mkunjo, na unywele ukiwa umelowa huvutika kwa urahisi. Ukikauka, vifungo hivyo hujirudia na mkunjo hurudi. Ukitaka juu pabaki parefu, amua urefu nywele zikiwa kavu na zimechanwa jinsi unavyozichana kila siku.

Mkunjo huo pia unahusu ndevu na shingo. Unywele wa kipilipili uliokatwa usawa wa ngozi, au chini yake, unaweza kujipinda na kuingia tena ndani ya ngozi, na hapo hutokea vipele vinavyouma. Kama huwa vinakutokea, mwambie kinyozi kabla hajashika wembe: "Mimi hupata vipele, niachie kidogo kwa mashine." Hiyo ni taarifa ya afya, na kinyozi makini huifurahia.

Limebaki suala la mpaka. Fedi ianzie wapi: usawa wa sikio, usawa wa panja, au juu zaidi? Gusa mahali penyewe kwa kidole, kwa kuwa maneno "chini" na "katikati" kila mtu ana yake. Kwenye paji, sema kama unataka kuchongwa au mstari wako wa asili uachwe. Mstari huo ukirudishwa nyuma kila wiki, paji huonekana kubwa na vinyweleo vinavyoota huuharibu mstari. Picha husaidia, hasa ya kichwa chako mwenyewe, iliyopigwa mbele, pembeni na kisogoni siku uliponyolewa ukapenda. Picha ya mtu mwenye nywele za aina nyingine huonyesha umbo, haiahidi matokeo.

Basi agizo kamili lina urefu, mlalo na mpaka: "Kaka, pembeni namba 1, juu namba 4 ukifuata mlalo, fedi ianzie hapa kwenye panja, paji usichonge." Mwombe arudie alichosikia kabla mashine haijawaka. Ukiwa na shaka kati ya namba mbili, aanze na kubwa, ujitazame kwenye kioo, kisha ashuke. Kushuka kutoka 3 hadi 2 ni kazi ya dakika chache. Kupanda kutoka 2 hadi 3 kutakugharimu karibu siku 10.