Muzee mwenye tansio asikae tu

Mama, leo umeleta mutoto kumupima kilo. Lakini labda nyumbani kuko nkambo mwenye tansio. Somo hili ni juu yake.

Tansio ni nguvu ya damu inaposukuma mishipa. Munganga akikuta 14 juu ya 9 ao zaidi, akipima tena siku ingine na kukuta vile vile, mutu huyo iko na ugonjwa wa tansio. Mara nyingi haiumi. Lakini pole pole inaharibu moyo, mafigo na ubongo.

Watu wengi wanasema: «Muzee wa tansio asiguse kazi.» Hapa Kambove wazee wengi walichimba shaba, mikono yao ilikuwa na nguvu. Ukimukalisha tu kwa kiti, misuli inalegea, anaanguka ovyo, na tansio haishuki.

Mazoezi ya kutia misuli nguvu, yakifanywa majuma mengi, yanashusha tansio kidogo. Katika mwaka 2020 OMS ilishauri wazee wayafanye siku 2 ao zaidi kila juma, pamoja na kutembea.

Umufundishe hivi:

1. Kiti kigumu kiegemee ukuta. Asimame, akae, mara 8 mpaka 10, bila haraka.
2. Aweke mikono kwa ukuta, akunje viwiko, ausukume, mara 8 mpaka 10.
3. Ainue chupa ndogo 2 za maji, moja kila mukono, mara 8 mpaka 10.

Apumzike, kisha arudilie.

Angalia! Asizuie pumzi. Mutu akijikaza na kuzuia pumzi, tansio inapanda gafula. Atoe pumzi wakati wa kusimama ao kusukuma.

Kwanza muulize munganga. Kama ni 18 juu ya 11, asianze. Kifua kikiuma ao kichwa kikizunguka, aache. Mudomo ukipinda, mukono ukilegea ao maneno yakikwama, mupeleke lopitalo palepale, usingoje asubui.

Mazoezi hayachukui nafasi ya dawa. Asiache kuimeza hata akijisikia muzuri. Na chumvi ya siku nzima isifike kijiko kimoja kidogo. Hesabu na ile ya samaki ya chumvi.

Maulizo: Sababu gani muzee asizuie pumzi? Nani kwako atamusimamia kesho?